Mtoto wa Jaani, Mali ya Mwalimu

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha askari, lango la kaskazini, kijiji cha Psenthi, wilaya ya Arsinoe, Misri.
Tarehe 2 ya mwezi wa Famenothi, mwaka wa pili wa Kaisari, saa nne ya mchana.

Jina: Tamista binti Petesi, mke wa Horioni.
Umri: kama miaka kumi na tisa. Ana kovu kwenye goti la kushoto.
Kazi: kufuma kitani, pia kunyonyesha kwa mkataba.
Makazi: nyumbani kwa mama mkwe wake, Herais, nyuma ya hamamu.
Kiapo: ameapa kwa Bahati ya Kaisari.
Mwandishi: Akida Terenti, mkuu wa kituo.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Jina langu naweza kuliandika, na kusoma naweza nikienda polepole. Bwana akida ameniambia nianze mwanzo na nisirukeruke. Mtoto ananyonya hapa nilipokaa, kwa hiyo nikinyamaza kidogo ni kwa sababu yake, si kwamba natunga.

Nimekuja kueleza kwamba mtoto wa kike wa miezi sita, aliyeandikwa kwa jina la Kopria kwenye orodha ya mali za Mwalimu Panisko, Mkristo, si mtumwa wala si mali ya mtu. Ni mwanangu. Nimemzaa mimi.

Mnamo tarehe 3 ya mwezi wa Thothi, saa mbili asubuhi, nilijifungua nyumbani kwa mama mkwe wangu. Mume wangu Horioni hakuwepo. Alikuwa jangwani na ngamia wake kwenye machimbo ya mawe, na yuko huko mpaka leo. Kabla hajaondoka alimwambia mama yake, akizaliwa wa kiume tumlee, akiwa wa kike asikae. Mume wangu si mtu mbaya. Mwaka ule mto haukupanda mashambani, na sote tulikuwa tunakula mkate wa shayiri mara moja kwa siku.

Mama mkwe alimshika mtoto mchana kutwa. Mimi hakunipa. Nilimwomba nimnyonyeshe mara moja tu, akasema, "Ukimnyonyesha hutamwachia, mwanangu. Nawajua wazazi." Ilipofika saa kumi alimfunga kwenye kitambaa akatoka naye. Niliamka nikamfuata nikishikilia ukuta. Damu ilikuwa bado inanitoka.

Nyuma ya hamamu, nyumba ya kuogea ya kijiji, karibu na kwetu, ndipo wanapomwaga majivu na takataka za kijiji kizima, na watoto wasiotakiwa huwekwa hapo hapo. Hilo kila mtu hapa analijua na wala si kosa. Nilijificha nyuma ya tanuri la Sota muoka mikate. Nilimwona mama mkwe akipita penye vigae vilivyovunjika, akaenda upande wa majivu ya siku ile, yaliyokuwa bado na joto. Akamlaza hapo. Akarudi nyumbani bila kugeuka.

Haukupita muda akaja Didime na kikapu chake.

Didime alikuwa dada yake Mwalimu Panisko. Walikuja kijijini kwetu miaka miwili iliyopita kutoka Aleksandria, kutufundisha habari za Kristo. Mwalimu alikuwa akisokota kamba za magurudumu ya maji ili wapate kula, na kazi ikiisha alimfundisha yeyote aliyetaka kusikiliza. Didime alikuwa akipita jaani kila siku saa kumi kuangalia kama kuna mtoto. Akimkuta anamchukua, wanamtafutia nyumba ya watu wa imani yao, hapa au vijiji vingine. Watu waliona wanachukua, lakini walikopelekwa hawakuona. Hapo ndipo maneno yalipoanzia, kwamba Wakristo wanakula watoto kwenye karamu zao.

Siku ile Sota alimpigia kelele kutoka tanurini, "Ee dada wa Mwalimu! Leo umepata mnono?"

Didime akamjibu, "Mnono ni wewe, Sota, ila kikapu hiki hakikutoshi."

Watu wakacheka. Alipokuwa anainuka na kikapu macho yetu yakakutana. Alimfunika mtoto vizuri akaenda zake.

Mnamo tarehe 5 ya mwezi huo huo Didime alikuja nyumbani. Aliongea na mama mkwe, mimi nipo ndani. Alisema ameokota mtoto, maziwa ya mbuzi yanamsumbua tumbo, na amesikia kuna mzazi hapa aliyefiwa. Mama mkwe, kwa aibu, alikuwa amekwisha kumwambia karani wa kijiji kwamba mtoto wetu alizaliwa amekufa. Akasema, "Maziwa yenyewe yanamwagika bure, bora tupate mafuta ya kupikia." Wakakubaliana chupa ya mafuta kila mwezi na mkate.

Mama mkwe hakunitazama usoni alipokuwa anasema hayo.

Tarehe 6, saa tatu, tulikwenda ofisi ya kumbukumbu kuandika mkataba. Tulikuwa Mwalimu, Didime, mama mkwe na mimi. Karani akauliza, "Mtoto wa nani?" Mwalimu akasema ameokotwa. Karani akasema, "Basi ni mtumwa wako." Mwalimu akasema hapana, yeye hana mtumwa, anamlea tu. Karani akacheka. "Mwalimu, mimi nina namna mbili za kuandika. Mtoto wa baba fulani, au mtumwa wa bwana fulani. Baba yake yuko wapi?"

Nilikuwa nimesimama pale, maziwa yamelowesha nguo yangu mpaka tumboni. Kama ningesema baba yake ni Horioni, mama mkwe angekamatwa kwa uongo aliomwambia karani wa kijiji, na mtoto angerudi jaani. Nilinyamaza.

Mwalimu akasema, "Andika unavyoweza. Ni maneno ya karatasi tu. Tutakuja kuyarekebisha." Karani akaandika: mtoto wa kike aliyeokotwa jaani, mtumwa wa Panisko, jina lake Kopria. Hilo jina, maana yake wa samadi, hupewa wengi wa jaani. Mkataba ni wa miaka miwili. Kisha karani akaniapisha. Mwalimu alisema yeye haapi, kwake ni kumfanya Kaisari mungu; karani akamwambia mwenye mali haapi, anaapa yule anayekabidhiwa. Niliapa kwa Bahati ya Kaisari kwamba namnyonyesha mtumwa wa Panisko na nitamrudisha akiwa mzima. Nikaweka alama ya msalaba kwa kuwa sikujua kuandika.

Bwana akida ameniuliza kama nililazimishwa. Sikulazimishwa.

Kuanzia siku ile nilikwenda kwa Mwalimu jua likichomoza, narudi jua likizama. Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja na ua. Nilikuwa nafuma pale uani, mtoto mgongoni, nasikiliza wanavyofundisha. Mwezi wa Hathiri, mtoto akiwa wa miezi miwili, Mwalimu alianza kunifundisha herufi kwa mkaa juu ya vigae. Siku niliyoandika jina langu zima nilimwambia ukweli, kwamba mtoto ni wangu. Akasema, "Najua, binti yangu. Didime alikuona nyuma ya tanuri." Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema, "Tulingoja useme wewe." Akaahidi kwamba akirudi kutoka vijiji vya kusini tutakwenda wote kwa karani tukabadilishe maandishi, hata mama mkwe angezungumza naye yeye mwenyewe. Alikwenda kusini mara tatu. Kila aliporudi kulikuwa na mgonjwa, au mtu wa kuzikwa, au karani hayupo. Mimi sikumkumbusha sana. Mtoto nilikuwa naye, nikaona karatasi inaweza kungoja.

Mwezi wa Tibi Didime aliugua homa akafa kwa siku nne. Tangu hapo mtoto akawa analala kwetu. Mama mkwe alimpokea bila neno. Alikuwa akimbembeleza na kumwita "mgeni wangu".

Mnamo tarehe 20 ya mwezi wa Mekiri, yaani mwezi uliopita, saa tano ya mchana, Mwalimu alikamatwa kwenye gurudumu la maji la kaskazini, akiwa na kamba mkononi. Ilikuwa ni baada ya agizo kwamba kila mtu atambike mbele ya wakubwa na kupewa hati. Yeye hakwenda kuchukua hati.

Tarehe 24 aliletwa mbele ya mkuu wa wilaya, uani kwenye ghala la nafaka, saa tatu. Kijiji kizima kilikuwepo. Niliitwa na mimi nije na mtoto.

Mkuu wa wilaya alianza kwa kumuuliza, "Watu wanasema unakula watoto. Unajibu nini?"

Mwalimu akasema, "Bwana mkuu, wanaowatupa wamesimama hapa. Mimi nimewaokota."

Watu wakazomea. Sota akapaza sauti, "Wako wapi basi? Tuonyeshe hata mmoja!" Ndipo nikasukumwa mbele. Nilimwinua mtoto juu wamwone. Mkuu akasema apewe askari amkague kama ni mzima. Askari alipomshika tu, mtoto akamkojolea kifuani mpaka kwenye mkanda. Watu walicheka, hata mkuu wa wilaya alicheka, na Mwalimu alicheka na minyororo yake. Mimi nilijua tumepona. Nilifikiri watu hawawezi kumuua mtu ambaye wamecheka naye hivyo.

Mkuu akauliza, "Na wengine?" Mwalimu akasema wako kwenye nyumba za watu. "Watu gani?" Hakujibu. Aliulizwa mara tatu. Mkuu akasema, "Haya, kula umekula au hujala, hilo nimelimaliza. Mtoto huyu amekutetea. Sasa tia ubani."

Palikuwa na chetezo kimewekwa mbele ya sanamu ya Kaisari. Mkuu hakuwa mkali. Alisema, "Chembe tatu tu, Panisko. Mimi siulizi moyoni mwako kuna nini."

"Wewe huulizi, bwana mkuu. Lakini yuko anayeuliza."

"Kaisari amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Kodi nalipa. Kila siku namwombea kwa Mungu apate afya na nchi itulie. Ila kumwomba yeye siwezi. Ni mtu, anaumwa tumbo kama mimi."

Hapo hakuna aliyecheka.

Mkuu akamwambia, "Mungu wako unayemsema alisulubiwa na liwali wetu mmoja. Alishindwa kujiokoa, atakuokoa wewe?"

Mwalimu akasema, "Aliweza kushuka. Hakushuka kwa sababu yetu. Basi na mimi nitashukaje kwa sababu yangu?"

Mkuu akawaambia waandishi apelekwe Aleksandria kwa liwali na mali zake zichukuliwe. Wanaopelekwa Aleksandria hawarudi, wote tunajua. Askari wakanipokonya mtoto pale pale. Nilidhani wanamtaka kwa ukaguzi tena. Niliwasubiri wanirudishie mpaka ua ukawa mtupu. Kumbe walimleta hapa kituoni, wakawa wanamnywesha maziwa ya mbuzi wa Mwalimu.

Tarehe 28 orodha ya mali ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi. Niliisoma mwenyewe kwa kidole. Kinu cha mkono, kimoja. Mikeka, miwili. Mbuzi jike, mmoja. Taa, moja. Kamba, mafungu saba. Mtumwa wa kike anayenyonya, jina Kopria, mmoja. Mnada tarehe 5 ya Famenothi. Nilirudia kusoma mara nyingi, nikifikiri ni mimi sijazijua herufi vizuri. Mwanangu alikuwa ameandikwa baada ya kamba.

Nilikimbia nyumbani nikamshika mama mkwe miguu aje kituoni aseme. Alisema, "Nitapigwa fimbo kwa uongo wangu, Tamista. Mimi mfupa huu hauvumilii fimbo. Na Horioni akirudi atasema nini?" Nikamwambia yeye ndiye aliyemtupa. Nilimpigia kelele, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Akakaa chini akajifunika uso kwa nguo. Akasema, "Wenzangu wote wanapeleka alfajiri, baridi iwamalize upesi. Unadhani mimi kwa nini nilingoja saa kumi?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza. Nilikaa naye chini. Lakini kituoni hakuja.

Tarehe 29, saa sita, nilikuja hapa. Bwana akida, hili wewe ulikuwepo, lakini umesema nieleze yote, basi naeleza. Ulinihurumia ukaniruhusu nimnyonyeshe. Uliniambia mkataba unasema ni mtumwa, na mkataba una kiapo changu. Lakini akipatikana mtu mzima, huru, anayejua mtoto alikotoka, akaapa, utamfuta kwenye orodha. Nikasema yupo, yuko ndani, ni huyo huyo mwenye mkataba. Ukanipeleka mlangoni kwake.

Mwalimu alikuwa amevimba miguu. Alifurahi kumwona mtoto. Nilimweleza habari yote mbiombio, nikasema, "Neno moja tu, Mwalimu. Bwana akida yupo tayari kuandika."

Akasema kwa sauti, "Mtoto huyu ni wa Tamista na Horioni. Amezaliwa huru. Nilikosa kukubali aandikwe vile, na kosa ni langu."

Wewe bwana akida ukamwambia, "Vizuri. Sasa apa kwa Bahati ya Kaisari niandike."

Alifumba macho. Akasema, "Neno langu ni kweli bila hicho."

"Najua ni kweli. Lakini bila kiapo si neno, ni upepo. Ukiwa na kiapo nalipeleka."

"Nipe nikuandikie kwa mkono wangu."

"Andika, lakini uape."

Akaanza kulia. Sikuwa nimemwona akilia, hata Didime alipokufa hakulia mbele yetu. Aliniambia, "Binti yangu, nikiapa kwa huyo nitakuwa nimewaambia wote niliowafundisha kwamba niliwadanganya. Wapo waliokwisha kufa kwa neno nililowaambia."

Nikamwambia, "Mwalimu, mimi sitaki neno lako. Nataka mwanangu."

Akasema atamwomba Mungu usiku na mchana. Nikamwambia maneno ambayo nayaandikisha hapa kwa sababu nimeapa kusema kweli. Nilimwambia, "Ulimwokota jaani, na leo umemrudisha kwa mkono wako." Aliinama mpaka paji lake likagusa nondo za mlango, akakaa hivyo. Mtoto alinyoosha mkono akamshika ndevu, maana amezoea kumshika ndevu. Ilibidi nimbandue vidole kimoja kimoja.

Kabla hatujaondoka aliomba kigae na mkaa. Aliandika maneno yale yale, kwamba mtoto ni wa Tamista, na chini jina lake mwenyewe. Kiapo hakuweka. Kigae nimekukabidhi.

Jana, tarehe 1, walimpitisha kwenye lango la kaskazini kwenda mtoni kupandishwa mashua. Nilisimama njiani nimwombe radhi. Alipita upande wa pili, katikati ya askari. Nilimwita, sijui kama alisikia.

Mimi mwenyewe nilikuwa nibatizwe sikukuu yao ya mwezi ujao. Didime alinifundisha kwamba hatuapi kwa Kaisari. Leo asubuhi nimeapa, na hakuna aliyenisukuma. Mwalimu hakuweza, mimi nimeweza. Sijui mbele ya Mungu hilo linahesabiwaje. Nikiulizwa nitasema nilikuwa na mtoto mkononi.

Naomba mambo mawili yaandikwe. La kwanza, mtoto hakuitwa Kopria na mimi. Siku aliyozaliwa, alipokuwa mikononi kwa mama mkwe nami nimenyimwa, nilimwita kimoyomoyo Taesi, kwa jina la marehemu mama yangu. Andika, bwana akida: Taesi binti Horioni. Hata kama wengine hawatalisoma, yeye siku moja anaweza kujua kusoma. Kusoma si kugumu, mimi nimejifunza kwa mkaa.

La pili, ikiwa maelezo yangu hayatafaa, mnadi aseme kwa sauti siku ya mnada kwamba mtoto huyu ana mkataba wa kunyonyeshwa, bado mwaka mmoja na miezi sita, na mnyonyeshaji ni mzima, maziwa yake ni mengi, na yuko tayari kuondoka kwenda popote. Mama mkwe nimemuaga. Amenifungia mkate na vitunguu, na kitambaa kile kile alichomfungia siku ile. Atakayemnunua anichukue na mimi. Mwaka na miezi sita ni mingi. Mtoto anakuwa anatembea.

Nimemaliza. Niliyoyasema niliyaona kwa macho yangu au niliyatenda mwenyewe, na nisiyoyajua sikuyaongeza.

Sahihi ya shahidi: TAMISTA

MAELEZO YA MWANDISHI

Nimemsomea shahidi yaliyo hapo juu, amekubali kuwa ndivyo alivyosema, ametia sahihi kwa mkono wake. Anaandika polepole.

Kiapo cha leo kinapingana na kiapo chake cha tarehe 6 Thothi kilichomo kwenye mkataba. Ofisi ya mkuu wa wilaya imejibu kwamba viapo viwili vya mtu mmoja vinavyopingana havifai vyote, na mkataba unabaki. Kigae cha mshitakiwa Panisko hakina kiapo, hakikupokewa. Kimeambatishwa hapa hata hivyo.

Herais, mama mkwe, aliitwa. Alisema hajui lolote. Aliuliza kama mtoto amefunikwa.

Mnada utakuwa tarehe 5 kama ilivyobandikwa. Nimemwandikia mnadi kuhusu mkataba wa kunyonyesha, kwa maneno ya shahidi mwenyewe.

Shahidi ameruhusiwa kwenda nyumbani tangu saa sita. Sasa ni saa kumi. Bado amekaa kwenye benchi, mtoto amelala.

Terenti, akida.